Keki ya Mama Quinter

Kisumu, Jumamosi. Joto limeamka kabla yangu, na mawingu yamekaa upande wa Nandi bila dalili ya kunyesha. Nimekunywa chai nusu kikombe nikaiacha. Nina dharau kifuani leo, na afadhali niiandike hapa mtandaoni kuliko kuibeba kanisani kesho.

Kosa wanalofanya wakubwa wengi wa kazi ni kudhani kwamba mfanyakazi huondoka siku anapoleta barua ya kuacha kazi. Siku hiyo anatoa taarifa tu. Alikwisha kuondoka zamani, huku bado anaingia getini kila asubuhi, anavaa koti la kazi na kuitikia salamu. Wakubwa hawakuona, kwa sababu mwili ulikuwepo, na wao wanachohesabu ni miili.

Nilifundisha usimamizi wa watu chuoni hadi nikastaafu. Tangu hapo kiwanda kimoja cha nyavu za kuvulia, huku Nyamasaria, huniita kwenye kamati ya maslahi ya wafanyakazi. Kiwanda sitakitaja. Mwenye mali sote humwita Bhai. Babu yake aliuza nyuzi mjini hapa kabla baba yangu hajaoa. Anayekiendesha ni meneja mwenye shahada mbili, na hapa nitamwita Meneja, inatosha.

Jana walimuaga Mama Quinter.

Mama Quinter alikuwa akisimamia meza za ukaguzi. Hapo wavu hutandazwa na akina mama wakatafuta matundu yaliyorukwa na mashine, wakayashona kabla haujafungwa na kupelekwa Luanda Kotieno na fuo nyingine. Ninasema "alikuwa akisimamia" kwa sababu cheo hakuwa nacho. Msimamizi wa kwanza alipohama, Mama Quinter aliambiwa akaimu kwa muda. Muda huo ulirefuka mpaka watu wakasahau kwamba anakaimu. Yeye hakusahau.

Kila alipouliza, Meneja alimjibu, "Mama, tunakuona." Nimelisikia jibu hilo kwa masikio yangu, kwenye veranda, na nikamwona mwanamke huyo akishusha macho kama aliyepigiwa honi. Kuonwa! Hata ng'ombe barabarani huonwa.

Wiki iliyopita alinieleza mambo yalivyo. Amepata kazi Mwanza, kwenye kiwanda kama hiki, na huko cheo wamempa kabla hajafika. Lakini mama mkwe wake yuko Kisian, miguu imemkataa, na yeye ndiye humnyanyua asubuhi na kumlaza jioni. Quinter bado yuko sekondari. Akienda Mwanza, mzigo huo wote utamwangukia binti.

"Mwalimu, mimi sitaki kwenda," aliniambia. "Nataka mtu aniambie kazi yangu ni nzuri ama wananivumilia tu. Wakiniambia, nabaki."

Nilimwomba ruhusa nilifikishe neno hilo kwa Meneja, akakubali. Nikalifikisha neno kwa neno. Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana, akasema, "Tutamfanyia sherehe kubwa, Mzee. Ajue tunamthamini."

Nilidhani anatania.

Hebu nieleze kwanza alivyokuwa akipambana na tatizo hili, maana watu wamekuwa wakitoka pale kama maji kwenye ndoo iliyopasuka. Alipaka ukuta wa kantini maneno SISI NI FAMILIA MOJA, kwa rangi ya bluu. Alinunua fulana zenye maneno hayohayo. Alileta mtu kutoka Nairobi mwenye kipaza sauti cha kubana shavuni, akawarusharusha akina mama wa ukaguzi, wengine wana magoti mabovu, wakipiga kelele "Mimi ni bingwa!" Walipomaliza kuwa mabingwa walirudi mezani, na hakuna aliyewaambia kama wavu wa jana ulikuwa sawa.

Na sherehe za kuaga, hizo amekuwa fundi wake hasa. Kuna kamati yake, kuna mfawidhi wake, kuna mtu wa keki. Kiwanda kizima hakina kamati ya kuwakaribisha wageni wala ya kuwauliza waliopo habari zao, lakini ya kuaga ipo, na inafanya kazi kwa bidii. Nimewahi kumwambia Meneja kwamba mahali pa pekee pa kusikia jambo jema juu yako katika kiwanda hiki ni mlangoni, ukitoka. Alicheka, akaliandika kwenye simu yake. Sijui la nini.

Basi jana, baada ya kazi, viti vilipangwa uani. Mama Quinter aliketishwa mbele, amevaa kitenge cha zambarau, amevishwa leso tatu moja juu ya nyingine mpaka shingo ikapotea. Muziki ulipigwa. Na kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa, pakruok ikaanza: mtu anasimamisha muziki, anashika kipaza sauti, anamsifu amtakaye, kisha muziki unarudi.

"Simamisha! Simamisha!" fundi mmoja wa mashine akapiga kelele. "Huyu ni Nyar Seme, binti wa Seme, jicho la tai! Tundu likimwona linajishona lenyewe!"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Wa pili akasema hajawahi kumsikia akimtukana mtu. Wa tatu, mhasibu, ambaye nilidhani hamjui hata kwa sura, alisema wavuvi wa Mbita huuliza dukani kama wavu umepita kwa Mama Quinter. Ndipo Meneja akasimama. Alizungumza vizuri. Alisema bila yeye idara ya ukaguzi ingekufa, kwamba ni nguzo, kwamba alikuwa akimtaja kwa Bhai kila mkutano.

Nilikuwa nimekaa karibu na Bhai. Bhai akanigeukia, akaninong'oneza, "Mzee, huyu ndiye Mama Quinter?"

Huyo ndiye.

Sisi hatuna upungufu wa sifa. Tazama mazishi yetu. Marehemu aliyeishi akigombana na kila mtu huzikwa akiwa malaika. Tunasimamisha muziki kumsifu mtu aliyetununulia soda. Lakini mtufungie ndani ya geti, mtuvishe koti la kazi, mtupe mtu wa kumsimamia, ndimi zetu zinakauka. Tumejifunza mahali fulani kwamba mkubwa akisifu anapandisha watu kichwa. Kwa hiyo tunaziweka sifa kama vyombo vya wageni, na mgeni mwenyewe ni yule anayekwenda.

Mama Quinter akapewa nafasi ajibu. Alisimama, akazishika leso zisianguke.

"Kumbe mlijua?" alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Hapana, nauliza. Haya yote mlikuwa mnayajua? Mimi kila siku nikitoka hapa naenda Kisian nikijiuliza kama nimekosea wapi."

Kicheko kikafa. Mfawidhi akatazama viatu vyake. Kisha mama mmoja wa meza ya ukaguzi, Lilian, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Mama Quinter, kik idhi! Usiende, bwana. Baki!"

Na wengine wakaitikia, "Baki! Baki!"

Nataka kueleza dakika hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Mama Quinter alimgeukia Meneja, akamtazama. Hakuwa na uso wa kuomba. Alikuwa anasubiri tu. Bhai alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Neno moja lingetosha, na kila mtu pale uani, hata mpishi, alijua ni neno gani.

Meneja akatabasamu, akapiga makofi mara mbili.

"Keki!" alisema. "Jamani, tukate keki kabla haijayeyuka!"

Muziki ukarudi. Mama Quinter akakata keki, akamlisha Bhai kipande, akamlisha Meneja kipande, akanilisha na mimi. Keki yenyewe ilikuwa tamu kupita kiasi, na juu yake waliandika TUTAKUKUMBUKA, kana kwamba wamewahi kuanza.

Getini Meneja alinipa mkono. "Imefana, Mzee, sivyo?"

"Imefana sana," nikamwambia. "Umempoteza mbele ya mashahidi."

Alicheka. Sikuwa nimesema kichekesho.

Asubuhi hii Mama Quinter amenipigia akiwa njiani, wamekwisha kupita Ahero. Mama mkwe alilia, Quinter hakulia, na hilo la pili ndilo linalomuuma. Nilimwuliza kama wangemwambia jana, pale pale, angebaki? "Mwalimu, mzigo wangu ulikuwa bado nyumbani," akasema. "Sikuwa nimeufunga." Kisha mtandao ukakatika.

Nikampigia Meneja kumweleza. Kabla sijafika mbali akanipa habari njema: nafasi imeshajazwa. Lilian ameambiwa akaimu.

Kwa muda.

Lilian ana mikono mizuri na moyo, ndiyo maana alithubutu kupaza sauti jana. Leo ni Jumamosi, kiwanda kinafunga mchana, na yuko pale mezani sasa hivi akijaribu kubahatisha wanamwonaje.

Meneja, najua unasoma hapa, na wenzako wengi wa mji huu pia. Sherehe mnazijua, sitawafundisha. Kila mmoja wenu ana mtu anayekaimu bila kuambiwa kitu. Leo, kabla ya kengele ya mchana, nenda kwa miguu yako mpaka kwenye meza yake, umwambie kama kazi yake ni nzuri na kama cheo ni chake.