Meno ya Msumeno wa Baba

Mabawa, Tanga
24 Septemba 2024

Mpendwa Dada Kazija,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa hata unasali bila kiti. Shemeji Haroub hajambo? Na mtoto Tuhfa bado anakohoa asubuhi, au upepo wa Wete umemsaidia? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tulishindwa. Kaka Uweso alikupigia kwanza, nami nikakupigia baada yake nikiwa na hasira, ukasema unasikia kelele tu, ukakata. Ulikuwa na haki. Sasa nimetulia, na nataka uyajue mambo kwa mpangilio wake, maana neno la mwisho ni lako.

Unajua kwamba tangu Baba atutoke, mimi na Uweso tumeacha mbao tukashika mianzi. Bi Shadya wa Ushongo, mwenye vile vibanda vya wageni ufukweni, alituagiza vitanda na kingo za baraza. Kazi hiyo ndiyo inayoiweka karakana wazi, hatuna nyingine. Tulipompelekea vitanda na kingo za kwanza, alipitisha kiganja kwenye ncha za miguu, kikatoka na kibanzi. Akatuambia mbele ya watu, "Nyie wana wa Ayubu, mianzi mnaikata au mnaitafuna?" Ukingo mmoja ulikuwa umepasuka kutoka ncha hadi kifundo cha pili. Akavirudisha vyote. Ametupa nafasi ya mwisho, mpaka katikati ya mwezi ujao. Tukishindwa, kazi atampa mtu wa vyuma.

Kosa si la mianzi, ni la msumeno wa Baba. Ule ni wa mbao nene, meno yake makubwa na yameachana. Ngozi ya mwanzi ni nyuzi ngumu zilizolala kwa urefu. Jino kubwa haliukati uzi, linaukamata na kuuvuta, na ufa unaanzia hapo. Nilimwambia Uweso. Akanijibu, "Msumeno huu umetulisha sote watatu. Mwenye meno mabovu ni wewe."

Nikajaribu mingine. Msumeno wa kukatia chuma unakata safi, lakini ni kwa fito tu. Kwenye mguu wa kitanda fremu yake inagota kabla hujafika katikati. Misumeno mipya ya seremala niliyoiona madukani ina meno yaleyale ya mbao. Mwishowe, duka moja Barabara ya Kumi na Mbili lilikuwa na msumeno mwembamba wa meno madogo, unaokata ukiuvuta, si ukiusukuma. Nikaununua. Dada, ungeona! Ncha ilitoka laini kama mdomo wa kikombe.

Nilipokwenda kusali adhuhuri Uweso akaushika mwenyewe. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: sukuma kwa bega, rudisha bila nguvu. Akausukuma kwa bega. Bamba likajikunja, likakatika karibu na mpini. Niliporudi nilimkuta amekaa chini, vipande viwili mapajani. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo hatuli sahani moja.

Duka halina mwingine hadi mzigo uje kutoka Dar, na mwenye duka hataji siku. Wala mianzi yenyewe si ya kuchezea. Tuliikata shambani kwa mjomba, njia ya Amani, wakati wa giza la mwezi ili isiliwe na wadudu, na sasa imekauka vizuri. Hii ikichanika, mingine tutakayokata haitawahi kukauka kabla ya siku ya Bi Shadya.

Imebaki njia moja. Fundi Anold, anayenoa misumeno hapa Mabawa, anasema chuma cha Baba ni kizuri, anaweza kuyasaga meno ya zamani akachonga madogo mapya. Lakini aliweka tupa chini akaniambia, "Nikishasaga, meno ya zamani hayarudi. Kaulize kwenu kwanza."

Na hapo Uweso ana haki. Anasema vitu vya Baba havijagawiwa. Msumeno ni mirathi, si wake wala wangu, na wewe una fungu lako ndani yake. Kuubadili bila ridhaa yako ni kula haki ya mwenzako. Mama amesema yeye hana neno, tukuulize wewe. Uweso ameapa kwamba meno yale yakiguswa bila ridhaa yako, anatoka karakanani moja kwa moja. Unamjua. Atatoka.

Basi nakuomba neno lako, ndiyo au hapana. Ukisema hapana, nitautundika ukutani na sitakununia. Tutamwambia Bi Shadya atafute fundi mwingine. Usiseme ndiyo kwa kunihurumia mimi, wala hapana kwa kumwogopa kaka. Barua anakuletea Sabiri jirani yetu, anayevuka kuja Wete. Ukishaisoma tupigie.

Atakupa pia pete mbili za mwanzi zilizofungwa kitambaa. Pitisha kidole taratibu, usije ukajichoma. Ile laini niliikata mimi kabla msumeno mpya haujavunjika. Ile nyingine sikuikata mimi. Leo asubuhi Uweso alinikuta naandika. Akachukua mwanzi, akauzungushia kitambaa, akaukata kwa msumeno wa Baba polepole kuliko nilivyopata kumwona, na bado ukachanika. Akapitisha kidole kwenye ile ncha. Kisha akazifunga pete zote mbili pamoja, akaniwekea mezani, akasema, "Mpelekee na hizi."

Nisalimie Shemeji Haroub, na umbusu Tuhfa. Mama anakuombea dua kila baada ya sala. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuongoze katika jibu lako, na siku utakapokuja atukutanishe sote kwenye sahani moja.

Nduguyo akupendaye, mwenye kusubiri simu yako,

Ibrahimu