Tangu Nivue Nguo Nyeusi, Baba Hanitazami Tena

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, na ukiweza unijibu mapema, kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Mama amechoka, na mwalimu wetu wa malezi kila nikimwendea naanza kulia kabla sijasema neno, hadi kengele inagongwa nami sijaeleza chochote, ndiyo maana nimeona heri niandike.

Mimi ni msichana wa shule ya sekondari na napenda kuvaa nyeusi. Shuleni navaa sare kama wenzangu, lakini nikifika nyumbani na siku za mapumziko ni nyeusi juu hadi chini, blauzi, sketi, soksi, hata vifungo, maana nikinunua shati la mtumba lenye vifungo vya rangi ya dhahabu huvikata na kushona vyeusi, na nguo zangu nazigeuza ndani nje ninapozifua na kuzianika kivulini zisipauke. Sina huzuni iliyonifanya nianze, wala sijajiunga na kundi lolote kama jirani alivyomwuliza mama. Siku moja nilijaribu sketi nyeusi ya binamu yangu, nikajitazama kwenye kioo, nikaona, kumbe huyu ndiye mimi. Tangu hapo nikaitwa Masizi, na aliyenipa jina hilo ni baba.

Baba ni fundi rangi, anapaka nyumba za watu. Alikuwa akirudi jioni ana madoa ya rangi hadi kwenye nyusi, anaita kutoka mlangoni, "Masizi wangu yuko wapi?" nami nikitokea anajitupa kwenye kiti na kusema, "Hebu simama hapo hapo kidogo. Kutwa nzima nimetazama kijani cha watu na waridi ya watu. Nikikuona wewe macho yangu yanapumzika." Mama alikuwa akicheka na kusema sisi wawili tunapendana kwa mambo ya ajabu.

Sasa baba hasemi tena. Alishuka kwenye ngazi kazini akalalamika kichwa, akaketi juu ya ndoo ya rangi apumzike, na hakuweza kuinuka. Hospitali walisema ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yote yamepotea. Daktari alimwambia mama kwamba mengine huenda yakarudi na mengine ndiyo basi, na mama aliporudi nyumbani alianza kufua mashuka ambayo yalikuwa safi. Siku hizi baba anakula kwa mkono wa kushoto, anamaliza upande mmoja wa sahani na upande wa pili anauacha kama si chakula chake, na mama anaitazama ile sahani na kusema, "Hata mapishi yangu yamemchosha," kisha anaingia jikoni na kukaa huko.

Lakini mwanzoni, mshauri, mimi nilikuwa na kitu kimoja kilichonitosha. Nilikuwa nikitoka shule nabadilisha nguo, nakwenda kusimama mlangoni kwa baba, upande wa mkono wake wa kushoto, na yeye anainua vidole vya mkono huo ananipungia polepole, na upande mmoja wa mdomo wake unacheka. Nilikuwa nikivumilia siku nzima kwa ajili ya vidole vile.

Kisha akaja shangazi, dada yake baba, kumsaidia mama. Sitaki umfikirie vibaya kwa sababu ndiye anayembeba na kumwogesha, na mgongo unamuuma. Ila siku ya kwanza tu aliponiona alipiga makofi.

"We mtoto! Unamzika kaka yangu naye angali anapumua?"

Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Mimi navaa hivi tangu zamani, kabla baba hajaugua."

"Ndiyo hiyo ninayosema mimi! Ulianza mapema!"

Nilidhani mama atacheka. Mama hakucheka. Shangazi akaendelea kila siku, mara niko kama kunguru anayengoja, mara mgonjwa akifumbua macho anaona giza limesimama mlangoni, atapataje nguvu? Akasema nyumba inahitaji mwanga. Siku moja akafungua mapazia yote, na kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa likimpiga baba usoni, akamwita jirani wakakigeuza kitanda, kichwa kikaja miguu ilipokuwa. Akahamisha na kiti chake akakiweka karibu na dirisha, kisha siku hiyo hiyo akaniletea gauni la njano alilolinunua kwa pesa yake mwenyewe.

Mama aliniambia, "Livae tu, mwanangu. Sina nguvu ya kuamua ugomvi."

Nikalivaa. Nikaenda nikasimama mlangoni kama kawaida, nikangoja vidole. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani akasema kwa sauti, "Kaka, mwone binti yako leo alivyopendeza!" na baba, mshauri, akageuza uso akautazama upande wa dirisha. Aliupa mgongo mlango. Hakuinua hata kidole. Shangazi akanikonyeza akanong'ona, "Waona alivyotulia? Amani imeingia."

Mimi sikuona amani. Niliona mtu ambaye ameingiliwa na mgeni na hataki kumsalimu.

Kesho yake nilivaa nguo zangu za siku zote nikarudi wakati shangazi yuko bafuni. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Sikumwita, nilitaka anitambue mwenyewe. Baba alikuwa macho kabisa, anatazama dari, hakugeuka. Ina maana siku ile moja ya njano ilitosha kunifuta, na hata niliporudi na nyeusi yangu nilikuwa nimekwisha kufutika. Tangu hapo sijaingia. Nikitumwa kupeleka maji nayaacha chini karibu na mlango na kubisha. Nguo nyeusi sizivai, na lile gauni silivai pia, nashinda na sare ya shule hadi wakati wa kulala, na sasa mama anauliza mbona naichakaza.

Nikiwa peke yangu mambo mawili yananijia kichwani na yote yananitisha. Kwanza, huenda shangazi anasema kweli, kwamba nilianza mapema, kwamba nilijipendezesha kwa rangi ya msiba hadi msiba ukasikia ukaja. Pili, huenda nyeusi ndiyo ilikuwa alama pekee aliyobaki nayo ya kunijua, nami niliivua kwa sababu niliogopa kukosana na watu wazima. Kwa vyovyote mwenye kosa ni mimi.

Nifanye nini ili baba anijue tena? Au kama haiwezekani, uniambie ukweli nizoee. Nimefundishwa kwamba ukweli ukiandikwa vizuri unaweza kusomwa hata na mtu anayelia, kwa hiyo niandikie tu.

Ni mimi,
Masizi

*

Masizi, mwanangu,

Pole. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua karatasi nikachora chumba cha baba yako. Nawe futa machozi, tukitazame pamoja.

Kabla kitanda hakijageuzwa, baba alipolala chali mlango ulikuwa mkono wake wa kushoto. Ulisimama hapo, akakupungia. Kitanda kilipogeuzwa, mlango ukawa mkono wake wa kulia. Ukasimama pale pale, hakukupungia. Ulipokuja na njano hakukupungia, na uliporudi na nyeusi hakukupungia. Sasa niambie wewe uliyefundishwa vizuri, kilichobadilika siku ile ni nguo peke yake?

Rudi kwenye sahani. Unasema anamaliza upande mmoja na wa pili anauacha kama si chakula chake. Kiharusi kinaweza kumnyima mtu upande mmoja wa kuona, macho yakiwa mazima kabisa. Kwa baba yako nadhani ni upande ule ule wa mkono uliolala. Mimi si daktari na sijamwona, lakini sahani ile imeniambia mengi kuliko gauni. Mapishi ya mama yako hayana shida. Mgeuzie baba sahani katikati ya kula, umtazame atakavyoendelea.

Na kwa nini aligeukia dirisha? Nani alikuwa akizungumza, na aliketi wapi? Aliitwa na dada yake kutoka upande anaoona, akamtazama dada yake. Mtu yeyote angefanya hivyo. Wewe ulisimama mahali asipoona, na hukufungua mdomo. Siku ya pili vile vile. Hakukupa mgongo, mwanangu. Hakujua kama upo.

Sasa nikukaripie kidogo, maana unastahili. Wewe na shangazi yako mnadhani mmekosana, kumbe mnaamini jambo lile lile. Yeye anaamini nguo imemwangusha kaka yake, wewe unaamini nguo imemwondoa baba yako. Nguo ni nguo. Haikupandisha ugonjwa kwenye ngazi ile, na haitauteremsha. Hukuita msiba, na ukilirudia wazo hilo tena nitakasirika. Uliipenda nyeusi kwa sababu ulijiona kwenye kioo ukajitambua, na sababu hiyo inatosha, haihitaji utetezi wala uchawi. Ivae. Ila usiivae kama dawa, kwa sababu siku dawa itakaposhindwa utajilaumu upya.

Jambo la pili la kukukaripia: umeacha maji sakafuni, nje ya chumba cha mtu asiyeweza kusimama. Nani aliyainua? Mama yako, au shangazi mwenye mgongo unaouma. Uliogopa, nimeelewa. Basi, imetosha.

Fanya hivi. Leo ukitoka shule vua hiyo sare uifue, uvae nguo zako. Mwambie shangazi kabla hujaingia, kwa adabu, usimvizie akiwa bafuni: "Shangazi, naomba nikae kwenye kiti chako kidogo." Akianza maneno ya kunguru usijibizane naye. Huyo anamwona kaka yake akimalizika mbele yake, na nyeusi yako ndicho kitu pekee nyumbani humo anachoweza kukigombeza. Ugonjwa hawezi kuugombeza. Lile gauni likunje vizuri, umwambie shangazi ahsante. Alilinunua kwa pesa yake, na siku moja utalivaa kwa ajili yake, saa moja tu, haitakuua.

Ukiingia usisimame mlangoni. Anza kusema ungali mlangoni, "Baba, ni mimi, Masizi," na uendelee kusema huku unazunguka miguuni mwa kitanda hadi upande wa dirisha. Kaa. Mshike mkono wa kushoto. Mweleze ya shule, hata yale ya kijinga. Kisha umwombe akubane mkono kama anakusikia, na umpe muda mrefu kuliko unavyodhani anahitaji.

Umeomba ukweli, nami sitakunyima. Anaweza asikubane. Ugonjwa huu huchukua vitu na kurudisha vichache, na anaweza kukutazama usoni akiwa upande mzuri, bila kukujua, leo au siku nyingine. Likitokea hilo litauma na sina neno la kulizuia. Lakini litakuwa limetoka kwenye ugonjwa. Usiende kulitafuta kwenye kabati lako la nguo.

Mkirudi kliniki, mwambie mama amweleze daktari habari ya sahani na ya mlango. Akisahau, sema wewe. Na mwombe jirani yule yule aje kukirudisha kitanda. Jua la asubuhi pazia linalitosha.

Baba yako alikwambia akikuona wewe macho yake yanapumzika. Macho hayo sasa yanafika upande mmoja tu. Nenda ukakae huko.

Mshauri wako