Maini ya Liwali

Shoga yangu Mejumaa,

Shikamoo sikupi, maana mkubwa ni mimi, na hilo ulilikataa mpaka unaingia kaburini. Hali yako pia siiulizi. Iko kwa Mwenyezi Mungu, nami kila nikiswali nakuombea. Nimekaa kukuandikia kwa sababu nina ugomvi nawe.

Ni huyu paka wako.

Siku zile za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Liwali ni amana kwako, Riziki. Maini yake usimkatie." Mimi na paka! Lakini amana ni amana. Nikamhamishia kwangu na kisahani chake na kile kitana ulichokuwa ukimchania, na kila asubuhi nikawa naenda bucha hapa Msambweni kununua maini. Mwenye bucha akinicheka, "Bi Riziki naye kaingia ukoo wa paka?" Nikamwambia apime, anyamaze.

Ulisema maini, nikampa maini. Samaki hataki, kuku anamnusa na kumwacha. Ulimdekeza wewe.

Basi shingo ikaanza kumkakamaa. Ukimwita hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima kama bibi harusi aliyezidishiwa dhahabu. Mgongo hawezi kuulamba, manyoya yakasongamana. Ukimgusa shingoni analia. Nikadhani anakulilia wewe, maana kila alasiri alikwenda kukaa mbele ya mlango wako uliofungwa. Nilimwacha akae. Nami pia huutazama mlango ule.

Binti yako Saumu akaja kutoka Diani, kule anakofanya kazi hotelini. Kumwona tu, akaangua kilio: "Paka wa mama kadhoofu mikononi mwako!" Mikononi mwangu! Aliporudi tena akaleta kopo la vidonge vya vitamini, lina picha ya mbwa na paka wamelala pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Wageni wa hotelini, akasema, huwapa wanyama wao mpaka manyoya yang'are. Nikamuuliza, mbwa na paka tangu lini wakala dawa moja? Akanijibu, "Mama, hayo ndiyo mambo ya sasa."

Nikaliweka kopo juu ya kabati. Nikamngoja daktari wa mifugo, yule anayekuja na bodaboda kutoka Kikoneni kutazama mbuzi wa watu. Msichana, lakini ana adabu, shikamoo yake kamili. Akamshika Liwali shingo polepole, akauliza anakula nini. Maini. Na nini tena? Maini.

Kumbe, Mejumaa, maini yamejaa vitamini, na ile iitwayo A ikizidi hurundikana mwilini mwa paka, ikamwotesha mifupa shingoni. Paka wako hakupungukiwa, alizidishiwa. Daktari akalisoma kopo la Saumu: na humo imo iyo hiyo. Akasema kumpa ni kutia chumvi mchuzi uliokwisha kukolea. Awe paka awe mbwa, kwanza ijulikane kakosa nini, ndipo aongezwe.

Nikakaa kitako. Umemuumiza kwa mapenzi, shoga, na wasia wako ungemmaliza.

Maini nimeyakata. Saumu akanuna, "Lakini mama alisema maini!" Nikamwambia, mama yako alinipa paka, hakunipa maini. Kopo lake akarudi nalo.

Liwali naye akagoma. Nikamchemshia kuku, nikamtolea samaki changu miiba, akanipa mgongo. Niliogopa, sikufichi. Nikaona utaniuliza siku ya kukutana. Mpaka alipoanza kumega kidogo, kwa kiburi, kama ananifanyia hisani. Mifupa iliyoota hairudi, daktari kasema. Maumivu ndiyo yaliyopungua.

Unakumbuka darasani kwenye ngumbaru, mwalimu alivyotaka kila mtu aandike barua? Nikakataa. Nikasema nimwandikie nani, na mtu wangu tunakaa ukuta kwa ukuta? Basi hii ndiyo ile barua. Herufi zangu usizicheke.

Leo Liwali amejilamba bega. Mgongo haufikii, wala hataufikia tena. Hapo ndipo ninapochukua kitana chako nikampakata, mimi niliyesema paka simgusi. Nitamchana maadamu yeye yupo na mimi nipo.

Pumzika, Mejumaa. Na maini usimwombee.

Mkubwa wako, utake usitake,
Riziki