Sukari ya Ghorofani

Kambi ya Mkonge,
Korogwe.
Jumapili, 13 Aprili 1975

Kwa dada yangu mpendwa Felista,

Naomba barua hii ikukute mzima, kuni zako zikiwa kavu na mgongo wako umepoa. Mimi huku ni mzima, kwa uzima wetu sisi watu wa mkonge. Miiba imejaa mikononi na kifua kinakohoa kila asubuhi, lakini nakula na nalala. Jirani yangu Issa, yule Mmakua wa Mikindani, anakusalimu sana. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne. Hata hivyo nakuomba uisome barua hii mwenyewe, polepole. Usimpe mtu akusomee.

Barua yako ilinifikia wiki ya Pasaka. Karatasi nzima ya mwanzo umeandika habari za duka la Mzee Valji tu, ukaniuliza kama bado nalikumbuka. Dada, nitalisahau vipi? Nikichoka sana shambani hujiambia kwamba nikimaliza mstari huu nitapanda ngazi za Valji, na kweli hunusa ile harufu ya vitambaa vipya na ngozi ya viatu. Mji mzima, huko kwetu kusini, haukuwa na duka jingine lenye ghorofa. Chini vyombo, sabuni na taa za chemli. Juu nguo, viatu na vitanda vya chuma. Watu walitoka Msimbati kwa miguu wasinunue kitu, wapande tu zile ngazi za mbao na kushuka, wakaisimulie safari hiyo mwaka mzima.

Unakumbuka mwaka ule wa Uhuru, mama alipouza korosho vizuri akatuleta sote? Mwanao Veronika alikuwa bado unambeba mgongoni. Mama alilikuta lile sanamu la Mzungu mlangoni, limevaa suti, akaliamkia kwa adabu. Likanyamaza. Akaliamkia tena. Kisha akasema kwa sauti, duka zima likisikia, kwamba Uhuru tumepewa lakini Wazungu bado hawaitikii salamu. Mzee Valji alicheka mpaka akavua miwani. Akamwambia mama asimjali bwana yule, hata yeye anamlisha bure na hajawahi kupata asante. Siku ile wewe ulinunua gauni la maua mekundu, na mimi nikavaa viatu kwa mara ya kwanza, nikatembea kama kuku aliyefungwa kamba.

Lakini dada, tukumbuke yote. Kabla ya kupanda, sisi tuliokwenda peku tulipelekwa uani kunawa miguu bombani. Mke wa bwana shauri wa wilaya alipita na viatu vyake vya matope na hakuna aliyemwambia kitu. Baadaye nilipopata kazi pale ya kubeba marobota, mtoto wa Valji aliniita boi, na mimi nilikuwa na ndevu. Kwa hiyo sisemi lilikuwa duka la malaika. Nasema hivi tu: ukishanawa miguu ulipanda, ukachagua, ukalipa, ukashuka na kitu chako, na hapakuwa na mtu wa kukudai shukrani.

Halafu serikali ikachukua majumba, Valji akaondoka na watu wake. Sikulia. Nilikuwa nimeshakuja huku kwenye mkonge, nikasema sasa duka ni letu, tutapanda na miguu yetu kama ilivyo. Kumbe ngazi zimebaki zile zile na anayepanda anachaguliwa. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba rafu za chini zina dawa ya viatu na majembe yasiyo na mipini, na foleni inafika barabarani tangu alfajiri, wanawake wanaweka mawe yawashikie nafasi. Kisha ukaandika, tena kwa furaha, kwamba wewe hupangi foleni. Bwana Meneja, huyo aliyewekwa na serikali, alikupandisha ghorofani mwenyewe, akakupa kiti na soda, akakufungia sukari na sabuni, na jozi mbili za kanga za Veronika. Ukasema ulipokaa kwenye kiti kile ulijiona umerudi siku za gauni la maua mekundu.

Hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje.

Halafu nikasoma kwamba Bwana Meneja anamtaka Veronika, na unaomba neno langu kabla ya Pentekoste. Unasema ni mtu mzima, ana mshahara, na atalirudisha duka kama lilivyokuwa. Unasema binti ameomba kwenda Masasi kwa mama mdogo apumzike kidogo, nawe umemruhusu kwa sababu wasichana wote huogopa kwanza.

Dada, wewe ndiye mkubwa wangu, ulinibeba, na sijawahi kukuinulia sauti. Leo nisamehe. Mila yetu hukufundishwa na mimi. Mtoto wa dada akiposwa, anayeulizwa kwanza ni mjomba. Mtu hapeleki kitu kwa mama, na mama hapokei hata chumvi kabla mjomba hajatia neno, maana akishapokea ameshajibu. Umekaangia vitumbua sukari ya bwana yule tangu Krismasi, umeviuza Magomeni nzima, ndipo unaniuliza kama nakubali. Unaniuliza nini sasa? Zamani ulipanda ngazi zile kwa miguu yako. Siku hizi unapandia mgongo wa mwanao.

Najua utasema ni rahisi kwangu kusema, niliye mbali, nisiyeleta chochote. Ni kweli. Huku hata tukipata mshahara hakuna cha kununua, na ninachotuma ni aibu. Najua tangu marehemu shemeji atutoke unaishi kwa karai lile moja, na bila sukari hakuna vitumbua. Ndiyo maana nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine, ya kukubali. Niliandika nusu yake. Nilijiambia mtu mwenye ghala haachi wakwe zake wafe njaa.

Sikuimaliza. Sasa nakwambia kwa nini, na kama umesimama, kaa.

Veronika hakwenda Masasi. Yuko hapa kwangu. Aliingia kambini Jumatano na kifurushi kimoja, miguu imevimba. Alikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam pamoja na mke wa fundi mmoja wa bandarini aliyekuwa akirudi kwao Muheza, na mama yule ndiye aliyemfikisha Korogwe. Nauli aliipata kwa zile kanga. Aliziuza pale pale kwenye foleni, chini ya dirisha la Bwana Meneja, kwa wanawake waliosimama tangu alfajiri. Anasema walizigombea.

Amenieleza yote. Kila ulipomtuma ghorofani kuchukua sukari, bwana yule alifunga mlango. Binti alikuja kukwambia, ukamjibu kwamba milango ya ofisi hufungwa. Mara nyingine alimshika, binti akapiga kelele mpaka karani akapanda kuuliza kuna nini. Akakwambia tena. Ukamwambia avumilie, sukari haiji yenyewe kwa miguu. Wiki iliyofuata ukamtuma tena.

Nilimuuliza mara mbili kama ndivyo ulivyosema, maana sikutaka kuamini. Mara zote mbili alirudia maneno yale yale.

Basi neno la mjomba ni hapana. Bwana Meneja akikuuliza, mwambie mwenye mtoto yuko Korogwe, anakata mkonge, na panga lake analinoa mwenyewe. Sukari iliyokwisha kuliwa hatuwezi kuirudisha, lakini usipokee nyingine. Najua maana yake: utarudi mkiani mwa foleni na jiwe lako, na huenda karai likalala. Chemsha mihogo uuze, kama mama alivyofanya. Veronika atakaa hapa. Masista wa zahanati wanatafuta msichana wa kufua na kufagia, na wanasema akionyesha bidii watamfundisha kazi ya wagonjwa. Usije kumchukua. Ukija kumwona, njoo, nyumba ni yako.

Nisalimie majirani wote wa Magomeni, na Mwanahawa anayekuazima kinu. Ukipita kaburini kwa mama, mng'olee majani kwa niaba yangu. Mungu akulinde, dada, nasema hivyo bila kinyongo, au ninajaribu.

Nilimpa Veronika kalamu aongeze salamu zake hapa chini. Amekataa. Amesema niandike tu kwamba amefika.

Ni mimi mdogo wako,
Kasiani