Kete Tatu za Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekuruhusu kukanyaga cherehani bila manung'uniko. Mimi mzima, tena mzima wa kucheka peke yangu njiani. Programu yangu imekuwa ya kwanza, mama! Ya kwanza!

Katika somo la akili bandia tuliambiwa kila mmoja aandike programu ya kompyuta inayocheza drafti, kisha zote sitini zishindanishwe. Mhadhiri wetu, tunayemwita Mzee Kanuni, alitusomea masharti kama anayesoma hukumu. Moja lilisema uandike kwenye fomu kila aliyekupa wazo, hata liwe dogo. Ukificha, unapata sifuri na somo unalirudia mwakani.

Basi programu yangu ikazifunga zote, naye Mzee Kanuni akaniita ofisini. Akasema programu gani hii inayogawa kete tatu bure kama mlevi, halafu inafagia ubao mzima, akataka kujua nimeiiba wapi. Nikamwambia huo mchezo ni wa mama yangu. Akaweka ubao mezani, akaniambia nimwonyeshe kwa mkono. Nikampa kete tatu, akazila huku akitabasamu. Mama, nilimfagia mpaka akavua miwani! Akaomba tena, nikamfagia tena.

Akakubali kazi ni yangu. Ila akaweka kidole kwenye fomu, mahali pa waliosaidia, nilipoandika "Hakuna". Akasema aliyenifundisha yote haya hawezi kuitwa hakuna.

Mama, sikusahau. Wenzangu waliandika baba zao mainjinia na kaka zao wenye digrii, nami nikaona haya kumwandika fundi cherehani aliyenifundisha kwa vifungo badala ya kete, juu ya meza ya kukatia nguo. Nisamehe sana. Nilimweleza hivyo hivyo, huku nalia.

Kwa kuwa nilikutaja kabla hajaishika fomu, sifuri alinisamehe, akanikata alama kumi. Hata hivyo bado mimi ni wa kwanza! Fomu niliijaza upya, naye kaibandika mlangoni pake: "Aliyenisaidia: mama yangu, fundi cherehani." Watu wanasimama kuisoma, nami napita hapo makusudi, mara tatu kwa siku.

Msalimie baba. Mwambie hata mhadhiri kafungwa, asinune tena ukimfunga. Na Mzee Kanuni anauliza utakuja lini. Vifungo ameshanunua.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wako