Mwenye Ndege Ndiye Anayepigwa

Shikamoo dada Anastazia,

Mdogo wako nina bahati isiyo ya kawaida! Kwenye sendofu ya kumuaga binti yako nakuja Mwanza kwa ndege, kiti cha dirishani, nitue nimenyooka nihutubie kama mjomba mtu. Hapa Temeke mvua inamwagika, nimejibanza kibandani na chipsi mayai, ila hasira niliyonayo hata pilipili naona haiwashi.

Asubuhi nilikwenda kwa wakala wa tiketi. Mbele yangu Mzambia mmoja anamkatia mkewe tiketi: Lusaka mpaka Dar, halafu Mwanza, yote kwa ndege za shirika letu la taifa. Safari yote hiyo, na bado analipa kidogo kuliko mie ninayeanzia hapa hapa Dar!

"Sista, mbona mnanipiga?" nikamwuliza wakala.

"Kaka, wa Lusaka asipopunguziwa anapanda ndege za wengine. Wewe wa hapa utakimbilia wapi?"

"Basi nikatie hiyo ya Lusaka, mie nitapandia Dar, kama watu wanavyopandia basi Chalinze."

Alicheka mpaka akashika meza. "Usipoonekana Lusaka, safari nzima inafutwa!"

Nimetembea miji mingi, dada, sijaonaga mwenye nyumba anatozwa zaidi kuliko mgeni.

Mkumbatie bi harusi wetu, mwambie mjomba anampenda, hotuba yake naifanyia mazoezi hata bafuni.

Ila dada, pale juu nimekudanganya. Tiketi ya ndege sina, nauli imenishinda. Nakuja na basi. Nikichelewa kuleni, lakini hotuba yangu msimpe mtu.

Mdogo wako,
Deogratias