Wimbo Tuliouchezea Harusini

Suwaidi, Riyadh, 3 Oktoba

…na kuna lile jambo, mpenzi, simu ilikatika kabla sijakwambia. Lakini kwanza, u mzima? Mgongo umepoa na kazi ya lori? Mimi ni mzima, ila moyo uko Jeddah.

Jana nikipiga pasi nilikuwa naimba wimbo wetu, ule wa country ya Kimarekani tuliofungulia dansi harusini. Lulwa, binti wa madam wangu, yule aliyesoma Marekani, akasimama mlangoni, akauliza Wakenya walijulia wapi nyimbo za wachunga ng'ombe. Nikamjibu kwetu Nyahururu ng'ombe hawakosi, na kila Jumapili redio ni magitaa hayo hayo, wazee wamevaa kofia pana. Akacheka. Kisha akasema, "Rosebellah, huo ni wimbo wa mke anayefungasha na kumwacha mume."

Justus, tulicheza kuachana mbele ya mchungaji, tukitabasamu! Na tangu siku hiyo tumekaa pamoja juma moja tu. Je, si mkosi?

Mkeo, Rosebellah

Ruwais, Jeddah, 17 Oktoba

Mke wangu, ni mzima, na mgongo umetulia kwa maombi yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kumuuliza mama kwanza. Alicheka mpaka akaangusha simu. Anasema yeye na baba walichezea huo huo harusini kwao, na hadi leo wanachogombania ni redio tu. Sisi tunapenda gitaa. Maneno tunawaachia wenyewe.

Lakini kwa vile umeogopa, mimi na Griffins, yule bawabu ninayeishi naye, tumeongeza ubeti wa Kiswahili: mke anafika stendi, anakumbuka chai ya mumewe, anageuka na begi lake. Griffins hulia kila akiuimba, na hana hata mchumba. Nimekurekodia.

Mumeo, Justus

Suwaidi, Riyadh, 20 Oktoba

Laazizi, afya ninayo, na sasa nina furaha isiyoenea kifuani. Ubeti wako niliusikiliza hadi betri ikaisha. Lulwa akataka nimtafsirie. Akauliza mbona huyu wa kwenu anarudi. Nikamwambia, "Mumewe yuko Jeddah, na hajamwona tangu juma la harusi."

Safari hii hakucheka. Alimwendea madam, nikasikia jina langu likitajwa na kutajwa, nikaunguza kanzu ya mume wa madam. Madam akaja mwenyewe: wanakwenda Jeddah kupunga upepo, nami nitaenda kutunza watoto. "Ijumaa nzima ni yako. Halas, basi."

Ile kanzu madam bado hajaiona.

Chemsha chai, mume wangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni pako, na begi langu.

Mkeo, Rosebellah